Kikombe cha Samli Kabla ya Sindano

Saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga nimeitundika sebuleni, juu ya redio. Sijui nani aliwaza kumpa mtu anayestaafu saa, kana kwamba sasa ndiyo ataanza kuchelewa mahali. Hata hivyo naipenda. Alasiri, joto la Garissa linapolala juu ya mabati na hata mbuzi wa jirani wameacha kulalamika, mimi huketi chini yake nikasikiliza mdundo. Polepole ukuta unaondoka, redio inaondoka, nami nimo tena katika maabara ya zamani, ile yenye dirisha moja lililotazama mti wa mgunga, nikingoja saa moja ipite ili damu ishuke.

Nyinyi vijana wa maabara mliniambia niandike ya miaka ile, maana baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa wakati mimi tayari naosha vioo. Nitaandika ya mwanzo wangu na ya mgonjwa mmoja. Habari za vyeo vyangu nawaachia wengine, kama wataona cha kusema.

Shule niliiacha darasa la sita. Haikuwa kwa ukorofi wala kwa kukosa karo. Dirisha la darasa lilikuwa na nguvu kuliko mwalimu, basi. Nilianzia Masalani, nikavusha watu Mto Tana kwa mtumbwi mpaka nikaujua mto kwa mgongo wangu. Baadaye nikawa utingo kwenye malori ya mifugo yaliyoshuka kutoka Takaba na mbuzi na kurudi na sukari, unga na mitandio. Huko ndiko nilikojifunza Kisomali, nikiwa juu ya turubai na vumbi la Mandera kinywani. Watu walipovuka mpaka wakikimbia vita, nilikuwa kambi ya wakimbizi ya Ifo nikichunga pampu ya maji. Kila mahali nilipapenda mpaka siku nilipoelewa kitu cha pale kinavyofanya kazi. Baada ya hapo miguu ilianza kuwasha.

Hospitalini niliingia kwa bahati. Dereva wetu alishikwa na malaria njiani, tukamleta akiwa amelazwa juu ya magunia, na wakati anatundikiwa maji mimi nikazungukazunguka uwanjani. Nikasikia sauti kama nyuki walio mbali. Nikaifuata mpaka kwenye dirisha, nikaona chombo cha duara kinatetemeka juu ya meza, na mtu mwembamba mwenye koti jeupe amekiwekea mkono juu, kama unavyomtuliza ndama.

Huyo alikuwa Bwana Gedi, mkuu wa maabara, mwenyeji wa Garissa, aliyepiga pasi koti lake hata siku ambazo hakukuwa na maji ya kulifulia. Aliniambia niondoke dirishani kwa sababu namzibia mwanga. Nikamuuliza ni nini kinachozunguka humo ndani. Akasema ni damu. Nikauliza kwa nini izungushwe.

"Nenda ukanawe mikono," akasema. "Halafu uje uulize tena."

Nikanawa. Dereva akapona, lori likaondoka, mimi nikabaki. Wenzangu wa barabarani walikadiria kwamba nitadumu mpaka Idi. Hawakusema Idi ya mwaka gani.

Siku za mwanzo kazi yangu ilikuwa kuosha mirija ya kioo. Nyinyi mnatumia ya plastiki na kuitupa, kwa hiyo hamwezi kujua raha ya mrija uliooshwa vizuri na kusimamishwa kwenye dirisha la asubuhi. Gedi aliukagua kwa kuuinua kwenye mwanga, jicho moja limefungwa. Kama tone moja lilikataa kuteleza, aliurudisha bila neno. Sikuwahi kufundishwa na mtu aliyesema machache kiasi kile. Alikuwa na msemo mmoja tu aliourudia, kwamba damu haina haraka, mwenye haraka ni wewe.

Maana yake niliielewa aliponionyesha kipimo cha kushuka kwa damu, kile mnachokiita ESR. Nataka mkikumbuke kabla mashine hazijawasahaulisha. Unachukua mrija mrefu mwembamba, unavuta damu mpaka alama ya juu, unausimamisha wima kwenye kishikio chake, unatazama saa, kisha huugusi. Damu ya mtu mzima wa afya hubaki juu karibu pale pale, ikiacha utepe mdogo tu wa maji ya njano. Damu ya mtu mwenye moto mwilini, moto wa ugonjwa usioonekana, chembe zake nyekundu hushikamana na kuzama, zikazama kama mtu aliyechoka anavyojiachilia kitandani. Inachukua saa moja. Nilikuwa mtu asiyeweza kukaa mahali pamoja, na kazi ya kwanza niliyoipenda maishani ilikuwa kukaa nikitazama kitu kisichoonekana kikienda. Ukikikazia macho hakiendi. Ukitazama mgunga nje kidogo, ukirudi kimeshuka.

Watu wa wodini wakaniita Dhiig, yaani damu kwa Kisomali, kwa kuwa kila nilipoingia nilikuwa nimekuja kuitaka. Mpaka leo kuna wazee sokoni wasiolijua jina langu jingine.

Sasa niseme habari za Dahabo.

Aliletwa kutoka Takaba mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka ule ambao ulimalizika kwa mvua za El Nino, ingawa wakati ule hakuna aliyewaza mvua. Kiangazi kilikuwa kikavu kiasi kwamba hata kivuli kilionekana kimekonda. Alikuja na kaka yake mkubwa, Adan, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa sauti nzito na moyo mwepesi. Dahabo alikuwa na baridi yabisi kwa miaka mingi, ile mbaya inayovimbisha viungo vya pande zote mbili na kuvikunja. Vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Lakini kilichomleta hakikuwa maumivu ya vidole. Alikuwa amepata kifua. Akitembea kwenda kisimani, kitu kilimbana katikati ya kifua mpaka asimame, na mkono wa kushoto ukawa mzito.

Nilimwita eedo, yaani shangazi, kama ilivyo adabu, na tulipozoeana akaniambia anachokihofia. Binti yake alikuwa ameshaposwa. Kwa watu wake, nyumba ya bibi arusi husukwa na mama, mkeka baada ya mkeka, nyuzi za magome zikitafunwa na kusokotwa kwa mkono. Mikeka ilikuwa haijafika nusu. "Vidole vimenikatalia," alisema, "na sasa kifua nacho kinaniambia nisichelewe. Nikifa kabla, binti yangu ataolewa chini ya turubai la kununua." Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja bei ya kitu.

Daktari wetu alikuwa Daktari Nekesa, kijana kutoka mkoa wa Magharibi, ambaye joto letu lilimchubua pua kila wiki. Alimpima moyo kwa mashine ya karatasi, hakupendezwa na mistari aliyoiona, akamwanzishia dawa za moyo. Kisha akataka tumpime mafuta ya damu, ile kolesteroli, baada ya mgonjwa kukaa bila kula tangu usiku. Akatupatia kazi, na hapo taabu ikaanza.

Asubuhi ya kwanza nilimuuliza Dahabo kama amekula. Hajala. Nikamuuliza Adan. Wallahi hajala. Nikatoa damu, nikaiacha igande, nikaizungusha. Maji yaliyopanda juu yalipaswa kuwa ya njano na ya kupenyeza mwanga. Yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Gedi akauinua mrija, akafunga jicho lake moja, akaurudisha mezani.

"Huyu amekula."

Tukarudia siku nyingine. Hajala, wallahi hajala, na damu ikaja na maziwa yake vile vile. Mara ya tatu Gedi akanituma wodini mapema, nisikae kama mtu wa hospitali bali nikae tu. Nikaketi kwenye benchi. Kabla sindano haijafika nikamwona Adan akitoa chupa ya chai kwenye mfuko, akamimina kikombe kizima cha samli iliyoyeyushwa na sukari, akamnywesha dada yake kwa upole mkubwa mpaka tone la mwisho. Kisha akampangusa mdomo.

Nikamwita adeer, yaani ami, nikamuuliza, si umesema hajala? Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. Hajala, akasema. Hiyo ni samli. Mtu anayekwenda kutolewa damu hupewa samli kwanza, ili aliyobakiwa nayo isilegee. Hata mama yao alifanyiwa hivyo kila alipojifungua. Kula ni wali, ni ugali. Nilijaribu kumweleza na yeye akakubali kwa heshima zote, na asubuhi iliyofuata kikombe kikatolewa na shangazi mwingine aliyekuwa amekuja kumtembelea mgonjwa. Hakuna mtu wa Takaba ambaye angemwacha Dahabo akabiliane na sindano mikono mitupu.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Sijui ni nani aliyeiona nafasi hiyo kwanza, mimi au Gedi, lakini nakumbuka tulitazamana. Dahabo alikuwa anafunga. Daktari alimkataza, sheikh wa msikiti wa karibu akamwambia mgonjwa ana ruhusa, naye akawajibu wote jibu moja: "Mungu ameniruhusu, ni mimi sijajiruhusu." Basi Gedi akaenda kumuuliza sheikh kama kutolewa damu kunafungua saumu. Hakufungui. Daktari akasema kwa kuwa mgonjwa anafunga tutake tusitake, asitoke kitandani siku ile tumwangalie, na damu itolewe alasiri, kabla ya futari.

Ile alasiri naiona mpaka leo. Wodi nzima ilikuwa imenyamaza kwa kiu. Nje upepo ulikuwa unabeba vumbi jekundu bila kulimwaga. Adan alikuwa ameketi kando ya kitanda na kikombe chake cha samli mkononi, amekifunika kwa sahani, akingoja adhana kama askari. Nikafunga mpira kwenye mkono wa Dahabo, nikatafuta mshipa chini ya ngozi iliyokuwa laini kama karatasi ya zamani, na damu ikaja.

Nilipoizungusha, maji yake yalipanda safi. Yalikuwa ya rangi ya asali nyembamba, unaweza kuona kidole chako upande wa pili. Gedi akauweka mrija dirishani na sote wawili tukasimama tukiutazama, jua la magharibi limo ndani yake, bila sababu yoyote ya kikazi.

Siku zile kolesteroli tuliipima kwa asidi kali. Unatia maji ya damu, unatia dawa, unangoja, na rangi ya kijani inajitokeza kutoka mahali pasipo na kijani. Kadiri mafuta yalivyo mengi ndivyo kijani kinavyokolea. Katika nchi ya vumbi kama yetu nilikuwa nikiingoja ile rangi kama mtu anavyongoja mawingu. Ya Dahabo ilikuja hafifu sana, kama jani lililosahauliwa kitabuni. Gedi akarudia kipimo na ikaja vile vile. Sehemu nyingine ya damu tuliipeleka Nairobi kwa basi, ndani ya sanduku la barafu, wakapime aina za mafuta yenyewe. Majibu yalirudi: yote chini, na ile aina inayosifiwa kuwa nzuri, inayosafisha mishipa, ndiyo ilikuwa chini kupita zote. Lakini ESR yake ilikuwa imezama karibu mpaka chini ya mrija.

Habari za wodini huwa na miguu. Kabla daktari hajafika, Adan alikuwa ameshasikia kwamba mafuta ya dada yake yako chini, na alikuwa amekunja mkeka na kufunga mizigo. Lori la Takaba lilikuwa linapakia sokoni.

"Daktari, wewe mwenyewe nasema mafuta iko chini," alimwambia. "Mafuta chini, damu safi, moyo safi. Asante sana. Sasa mimi nabeleka yeye nyumbani."

Daktari Nekesa akaomba kiti, na tangu hapo niliheshimu kila mtu anayeomba kiti kabla ya kubishana. Akasema kwa mtu mwingine angefurahi. Kwa Dahabo, huko kuwa chini ndiko kunakomtia hofu. Akageuza karatasi, akachora, akaniambia nitafsiri. Mafuta hayachanganyiki na damu, alisema, kwa hiyo husafiri ndani ya chembe ndogo zilizovishwa protini. Kuna zinazotoa mafuta kwenye ini na kuyapeleka mwilini. Kuna zinazokusanya masalio na kuyarudisha. Ugonjwa wa moto wa muda mrefu huzivuruga zote. Hapo Kisomali changu kikakwama. Neno la chembe nilikuwa nalo, lakini usoni mwa Adan niliona halina mzigo.

Basi nikamwambia habari za malori.

Nikamkumbusha ile miaka ya shifta, wale wavamizi wa barabarani, wakati njia ya Takaba ilikuwa haipitiki bila askari. Malori yalikuwa machache sokoni. Je, kuna mtu aliyesimama Takaba akahesabu malori machache akasema, alhamdulillahi, leo nchi ina amani? Adan akacheka kidogo kwa pua. Nikamwambia mwilini mwa dada yako ni hivyo. Malori ni machache kwa sababu nchi inawaka. Yale makubwa yameacha barabara, yamebaki madogo madogo yaliyofungwa mzigo mzito, yanapita njia za panya, yanapenya mpaka kwenye ukuta wa mshipa na kuteketea humo. Na yale ya kurudisha masalio, ambayo ndiyo yangesafisha, mengine yalisimamishwa njiani, dereva akashushwa, akapanda mtu mwingine. Kwa nje ni lori lile lile. Ndani hakuna tena fundi wa kuzima moto, kuna mtu mwenye kiberiti.

Daktari akauliza nimesema nini mbona kimekuwa kirefu. Nikamtafsiria. Akafikiri, akasema si chembe zote hubadilika, wala si kwa kila mgonjwa, na mambo mengine wataalamu bado wanayachunguza. Hayo nayo niyaseme. Nikayasema. Lakini la uhakika kwake lilikuwa moja, kwamba wenye ugonjwa huu hufa kwa moyo mapema kuliko wenzao, hata wakiwa wembamba, hata kolesteroli ikiwa chini.

Adan alikuwa anatazama chini. Dahabo ndiye aliyezungumza. Alikuwa amelala ubavu, mikono yake imefunikwa kwa mtandio kama alivyopenda kuificha.

"Basi acheni kuhesabu malori," alisema. "Zimeni moto."

Nilipotafsiri hilo, daktari akaweka kalamu chini.

Dawa ilikuja kutoka Nairobi, kidonge kidogo cha njano kinachomezwa mara moja tu kwa wiki. Nawasihi nyinyi vijana mwendelee kulisema hilo kwa sauti, kwa sababu anayekimeza kila siku kinaweza kumuua. Kwa Dahabo tulichagua Ijumaa, baada ya sala, siku ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwake ambaye angeweza kuichanganya na nyingine. Ilibidi abaki Garissa kwa ndugu, apimwe ini na damu kila mwezi. Adan alinung'unika kuhusu lori, akaliacha liende, akabaki.

Miezi ikapita, ile miezi ya Garissa ambayo huwezi kuitofautisha ukiikumbuka, yote mchana mmoja mrefu na mto ukipungua. Mwanzo Dahabo hakuona badiliko lolote. Kisha akaniambia asubuhi anaweza kufunga mtandio mwenyewe. Kisha nikamkuta uani ana nyuzi za magome kinywani, anatafuna. Aliponiona akazitoa haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Tulikuwa tumepanga kipimo cha mafuta tena, na sasa tulikuwa tumejifunza: Jumatatu au Alhamisi, siku ambazo alikuwa anapenda kufunga sunna, alasiri. Kijani kilichojitokeza mara hiyo kilikuwa cha kweli. Kilikolea mbele ya macho yetu mpaka Gedi akasema, "Subhanallah, kumenyesha."

Adan hakuona mvua. Alikuja maabara na karatasi ya majibu mkononi, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema alituletea dada mwenye damu safi, sisi tumeijaza mafuta. Kidonge cha Ijumaa kimemchafua. Kesho anaondoka naye, na hataki kusikia habari za malori.

Nikatazamia Gedi ajibu kwa hasira, maana alikuwa hapendi mtu kusimama mlangoni. Badala yake akamvutia kiti. Akatoa mrija wa kijani, akausimamisha kwenye dirisha. Kando yake kulikuwa na mrija mwingine, wa ESR, damu ya Dahabo ya siku ile ile, aliyoisimamisha karibu saa moja kabla. Akamwambia aketi tu atazame mpaka saa iishe. Adan akaketi. Alijua nini kilitokea kwenye mrija ule mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemwonyesha jinsi damu ilivyozama. Sasa ilikuwa imesimama juu, imeacha utepe mwembamba tu wa njano, na kadiri alivyoitazama haikutaka kushuka.

Dahabo alikuwa ametufuata, akiegemea ukuta wa nje. Akasema kupitia dirishani, kwa sauti ya dada anayemjua kaka yake:

"Adan. Njia ya Takaba ilipofunguliwa, ulilia kwamba malori yamekuwa mengi?"

Gedi akageuza uso akajifanya anatafuta kitu kabatini. Daktari alipokuja baadaye akatuliza furaha yetu, kama kawaida ya madaktari. Akasema majibu ya Nairobi yanaonyesha hata yale ya kusafisha yamerejea, na hilo ni jema. Lakini mafuta yakiendelea kupanda kupita kiasi atasema, na dawa za moyo haziachwi. Adan akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Ijumaa kidonge kinamezwa kabla ya sala au baada.

Mvua za El Nino zilipokuja zilikuja kama zilikuwa zikituwinda. Mto ulivunja kingo, barabara zikawa mabwawa, mabasi yakazama matope mpaka madirishani. Dahabo alikuwa Garissa bado, na akina mama wa pale mtaani walikusanyika chini ya baraza wakisuka naye wakati hakuna mahali pa kwenda. Nilipita mara nyingi nikiwa nimekunja suruali, nikasikia vicheko na mlio wa nyuzi zikikazwa. Kifua kilimbana mara chache, akinyanyua kitu kizito, na alijua kuketi. Njia zilipokauka, mikeka ilipakiwa juu ya lori la Takaba, imeviringishwa kama mabunda ya mawingu, na yeye akapanda mbele kwa dereva. Sikupanda nao. Nilishangaa kwamba sikutamani.

Baada ya arusi alirudi kupimwa. Ilikuwa siku ya kawaida ya katikati ya wiki, si Ramadhani wala si siku ya sunna, kwa hiyo sikutegemea lolote zaidi ya maziwa mrijani. Aliingia peke yake. Adan alikuwa nje akibishana na mlinzi. Dahabo akaweka mezani dhiil, kile chombo cha maziwa cha kusuka kilichofukizwa moshi, na harufu ya moshi ule ikaifunika harufu ya asidi zetu. Nikakishika. Mishono yake ilikuwa midogo, imebanana kiasi kwamba hata maji yasingepata pa kutokea. Sikuuliza nani aliyesuka, kwa sababu mikono yake alikuwa ameiacha wazi juu ya meza, imepinda bado, haitanyooka tena, lakini imetulia.

Nikafungua kifuniko. Kilikuwa kimejaa samli.

"Tangu jana jioni sijaweka kitu mdomoni," alisema. "Adan alinimiminia kikombe, nikamrudishia. Damu yangu chukueni hivi hivi. Samli kuleni nyinyi, mmekonda."

Nikafunga mpira. Damu ikaja. Gedi akasimamisha mrija kwenye kishikio, akatazama saa, na kwa kuwa hakuruhusu mtu kula maabara tukatoka sote kuketi chini ya mgunga na mkate na ile samli, Dahabo akila pamoja nasi sasa, Adan naye akaja, akachovya bila kukaribishwa. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kila baada ya muda Dahabo aliniuliza kama imeshuka, nami niliinuka, nikachungulia dirishani, nikamjibu.

"Bado iko juu, eedo."

Na alasiri hizi, chini ya saa yenu, wakati mwingine najikuta namjibu tena.